Pasi ya mkaa, kinu, kandili na vikapu vya zamani: makumbusho madogo yavitunzeje?

Chumba_cha_Kale

Habari zenu wadau. Naomba msaada wa wenye ujuzi na vitu vya nyumbani vya zamani. Makumbusho yetu ni ya mtaa tu: chumba kimoja cha maonyesho na ghala dogo nyuma yake. Watu wameitikia wito na vitu vimeingia kwa wingi: pasi za mkaa, kandili, taa za chemni, stovu za pampu, cherehani ya mkono, vinu na michi yake, mawe ya kusagia, vikapu, vyungu, birika na sufuria za shaba, masanduku ya mbao, saa za mezani. Vingi vina kutu, vumbi na masizi. Baadhi ya vinu vinadondosha unga wa mbao.

Kamati imegawanyika. Kuna wanaotaka kila kitu king'arishwe mpaka kipendeze, na kuna wanaosema tusiguse chochote. Ninachohitaji ni hatua halisi: tuanze na lipi, namba ziandikwe kwa kitu gani ili zisifutike wala zisiharibu, unga wa mbao unamaanisha nini, na kutu ya pasi iondolewe au iachwe. Vifaa tulivyo navyo ni vya kawaida: brashi, pamba, mashine ya kufyonza vumbi, friza moja ya nyumbani. Dawa za maabara hatuna, ila kama kuna moja au mbili za lazima tutazitafuta.

---

Mtunza_Ghala

Mkuu, brashi isubiri. Kazi ya kwanza ni kuandika, kwa sababu ukisafisha kabla ya kuandika umeondoa ushahidi ambao hakuna aliyeuona. Pasi za mkaa zilitengenezwa kiwandani zikafanana. Inayostahili nafasi kwenye rafu yenu ni ile mnayojua ilikuwa ya nani, ilinyooshea nguo gani, ilinunuliwa au kurithiwa wapi, na iliachwa kutumika lini na kwa sababu gani. Maelezo hayo yako kichwani mwa aliyeileta, na siku nzuri ya kuyachukua ni siku hiyohiyo anapoikabidhi. Usiishie kumuuliza kitu kinaitwaje. Mwombe akishike kama kilivyoshikwa, mrekodi kwa simu, na muulize jina la kila sehemu: mpini, bawaba, kikomeo, matundu ya hewa.

Pamoja na hayo iwepo karatasi ya makabidhiano yenye sahihi mbili. Iseme wazi kama kitu ni zawadi au ni cha kuazima, na kama ni cha kuazima iwe na tarehe ya kurudishwa. Vitu vilivyoachwa mlangoni bila karatasi ndivyo vinavyozaa ugomvi na warithi baadaye.

Namba iwe na sehemu tatu: mwaka, mapokezi, kitu. 2024.7.3 ni kitu cha tatu katika mapokezi ya saba ya mwaka 2024. Kinachotengana kipewe herufi, kwa hiyo kinu ni 2024.7.3a na mchi wake 2024.7.3b. Fanyeni hivyo hata kwa chemni ya taa na kifuniko cha birika, maana ghalani sehemu hizo hupotezana upesi kuliko mnavyodhani.

Kuandika namba: kwenye chuma kigumu, kioo, mbao iliyonyooka na udongo uliochomwa vizuri, tumia Paraloid B-72. Hizi ni punje za plastiki safi zinazoyeyuka kwenye asetoni. Pima gramu 20, ongeza asetoni mpaka ifike mililita 100, kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Punje zifunge kwenye kipande cha shashi kining'inie ndani ya asetoni usiku kucha; ukizimwaga chini zinagandamana na kukataa kuyeyuka. Paka kijistari chembamba, urefu wa sentimita mbili tatu, mahali pasipoonekana kwenye maonyesho lakini panapofikika bila kukipindua kitu chote. Kisikauke kwa haraka kwenye jua, utapata vipovu. Kikikauka, andika kwa wino wa rangi ya madini, mweusi au mweupe, ngoja ukauke kabisa, kisha pitisha tabaka la pili kwa mkono mmoja bila kurudia. Ukirudiarudia brashi, asetoni ya tabaka la juu inalainisha la chini na namba inachafuka. Siku ikibidi kuiondoa, pamba yenye asetoni inatosha.

Asetoni isiguse plastiki, rangi ya mafuta, lakeri wala kitu kilichopakwa nta. Vikapu, mikeka na nguo hazipakwi chochote: namba inaandikwa kwenye utepe wa pamba unaoshonwa kwa mishono miwili au kufungwa kwa uzi wa pamba. Rangi ya kucha msitumie, inageuka manjano na kubanduka pamoja na ngozi ya kitu. Gundi ya karatasi, wino wa kusahihishia na bolpeni nazo hapana.

Kwenye daftari andikeni vipimo, uzito, picha, na hali kwa kutaja mahali: "ufa wa sm 4 kuanzia mdomoni, upande wa mpini". "Kimechakaa kidogo" haimsaidii mtu atakayetaka kujua baada ya miaka mitano kama ufa umeongezeka.

---

Dumuzi_Hapiti

Najibu la unga wa mbao. Kinu kinachodondosha unga si lazima kiwe na wadudu hai. Unga wa zamani hutoka kila kikitikiswa, na matundu hubaki milele. Kipangusieni nje, pigeni picha ya matundu, kisha kiwekeni juu ya karatasi nyeusi mahali pasipotikisika kwa wiki mbili hadi nne. Vijichungu vipya vya unga vikijitokeza chini ya matundu, kuna kinachokula. Angalieni pia kingo: tundu jipya lina ukingo mkali na mbao iliyo ndani ina rangi ya kung'aa, la zamani limeingia vumbi na kukolea. Unga laini unaopakaa kidoleni ni wa dumuzi wa mbao. Punje ngumu ndogo zenye pande sita ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, na huyo anaishi ndani ya kitu chenyewe bila kuhitaji udongo.

Kwa hiyo kila kitu cha mbao, ukindu, nyasi, ngozi au nguo kikifika kifungwe kwenye mfuko wa plastiki na kukaa chumba kingine mpaka kikaguliwe. Kikapu kimoja kilichopelekwa moja kwa moja rafuni kinatosha kueneza wadudu ghala zima.

Friza mliyo nayo ndiyo dawa. Fungeni kitu kwa karatasi laini au kitambaa cha pamba, kiingie kwenye mfuko wa polietilini, toeni hewa kadiri mnavyoweza na mzibe kwa utepe. Friza ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri, siku tatu zinatosha kwa kikapu. Ya nyumbani hukaa kwenye nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, na hapo nendeni wiki mbili kamili, mkitoe kikae siku moja kwenye joto la chumba, halafu kirudi wiki nyingine moja. Kuganda upesi ni muhimu: baridi ikishuka polepole baadhi ya wadudu hujizoesha na kuishi. Friza isijazwe, hewa izunguke.

Kosa linalotokea kwenye vinu ni kuhesabu siku tangu mlango ulipofungwa. Mbao hupitisha baridi polepole, na gogo lenye ukuta wa sentimita kumi huchukua zaidi ya siku moja kabla moyo wake haujafikia joto la friza. Hesabuni kuanzia siku ya tatu. Kosa la pili ni kufungua mfuko mara tu unapotoka. Umande lazima utokee, na mnataka utokee nje ya plastiki. Kikapu kikae kwenye mfuko saa 24, kinu saa 48.

Friza haifai kwa kioo, sanduku lenye rangi nene au mapambo ya pembe na lulu, ngoma yenye ngozi iliyovutwa, saa, wala mbao iliyobanwa na pete za chuma. Sehemu za vitu hivyo husinyaa kwa viwango tofauti na ndipo vinapopasuka. Mbadala ni kuvifungia pamoja na vijifuko vinavyokula oksijeni, kwenye mfuko maalumu usiopitisha hewa, oksijeni ikae chini ya nusu ya asilimia moja kwa wiki tatu au zaidi.

Msimwage mafuta ya taa wala oili chafu ndani ya matundu. Mbao inakuwa nyeusi, inanata vumbi, haipokei tena gundi wala namba, na dumuzi wa ndani kabisa hafikiwi. Baadhi ya dawa za kunyunyizia huacha doa na kula rangi. Nafthalini nayo inalainisha baadhi ya plastiki na si salama kwa anayeshinda ghalani. Kama mtoaji alishakipaka kitu dawa, andikeni ni ipi, na mtu akishike kwa glavu. Vitu vya zamani vyenye ungaunga mweupe kwenye manyoya au ngozi chukulieni kuwa vina sumu za kuulia wadudu, aseniki au DDT, mpaka ithibitike vinginevyo.

Mchwa wa ardhini ni habari nyingine. Rafu iwe sentimita 15 juu ya sakafu na isiguse ukuta, ili njia zao za udongo zionekane zikijengwa. Tegeni mitego ya kunasa kwenye kona na karibu na mlango, muikague kila mwezi na kuandika mmepata nini na wapi. Mtego wa mlangoni ukijaa na wa ndani ukiwa mtupu, tatizo ni mlango.

---

Fundi_Chuma

Sasa pasi. Ndani mtakuta majivu na vipande vya mkaa. Chukueni kijiko kimoja kwenye kijifuko chenye namba ya pasi, kisha mengine yote yatoke. Majivu huvuta unyevu na yana chumvi, ndiyo maana bamba la chini huoza kutoka ndani wakati nje linaonekana zima. Tumieni brashi ya nywele ngumu kiasi na kijiti cha mwanzi kwenye kona, bomba la mashine ya kufyonza likiwa karibu huku mdomo wake umefungwa shashi ili kisimezwe kipande.

Kutu iko ya aina mbili na swali la "iondolewe au iachwe" linajibiwa na tofauti hiyo. Ile ngumu, ya kahawia iliyokolea, iliyoshikana na chuma, iacheni. Inayopakaa rangi ya chungwa kwenye kitambaa cheupe, au inayobanduka magamba na kuacha shimo lenye unga, hiyo bado inaendelea. Iliyolegea itoke kwa brashi, basi. Hakuna ndimu, siki, soda, msasa wala brashi ya waya. Asidi huingia kwenye vinyweleo vya chuma cha kusubu, haioshwi yote ikatoka, na baada ya miezi kutu inarudi kali zaidi. Msasa unafuta mistari ya matumizi kwenye bamba pamoja na alama ya kiwanda.

Baada ya brashi, pangusa kwa pamba yenye spiriti isiyo na rangi. Pasha chuma kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka kiwe vuguvugu mkononi, paka nta ya maikrokristalini (nta itokanayo na petroli) nyembamba sana, ngoja ipoe, sugua kwa kitambaa cha pamba. Ikibaki nyeupe kwenye mashimo umepaka nyingi. Nta ya nyuki peke yake ina asidi kidogo na huvuta vumbi, na mafuta ya kula au ya mashine hugeuka gundi. Asidi ya taniki, ile inayogeuza kutu kuwa nyeusi, nimeona ikipendekezwa kwa kila kitu. Inafaa kwa chuma kinene kinachokaa nje, jembe au kitasa cha lango. Kwenye pasi inabadilisha rangi moja kwa moja na haina njia ya kurudi, basi isitumike.

Pasi isinyanyuliwe kwa mpini. Pini ya bawaba imelika, kikomeo hakishiki, na kifuniko kikifunguka ghafla mwili wa kilo kadhaa unaanguka. Chuma cha kusubu hakipindi, kinavunjika. Mikono miwili chini ya bamba. Kama kikomeo kina umbo la jogoo, tazameni shingo yake: hapo ndipo nyufa huanzia.

Shaba ni kesi nyeti. Sufuria ya shaba nyekundu iliyotumika jikoni ndani imepakwa bati, tabaka la kijivu jembamba mno. Kuisugua mpaka iwake ni kulimaliza bati hilo na kufuta ushahidi kwamba ilikuwa ya kupikia. Rangi ya kahawia ya nje ni ngao, iacheni. Kijani kibichi kilichoshikana nacho kimetulia. Kinachotisha ni vidoa vya kijani kilichopauka, unga mtupu, vinavyorudi mahali palepale wiki chache baada ya kupanguswa. Hiyo ni kloridi, aina ya chumvi, ndani ya shaba, inakula kila hewa inapokuwa na unyevu. Tengeni chombo hicho kwenye kisanduku cha plastiki kinachobana chenye silika jeli (punje zinazofyonza unyevu), unyevu ukae chini ya asilimia 40. Dawa za kung'arishia zenye amonia hupasua shaba ya njano pale ilipokunjwa kiwandani, na unga wao mweupe ukibaki kwenye nakshi hautoki tena.

Silika jeli chagueni ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba. Ya bluu ina kobalti, ni sumu. Ikishiba ikausheni kwenye oveni, nyuzi 110, mpaka rangi irudi, ipoe ndani ya chupa iliyofungwa.

Vyombo vya enameli visilowekwe. Maji hupita kwenye kingo zilizobanduka na kutu husambaa chini ya enameli bila kuonekana mpaka kipande kingine kidondoke.

---

Mtunza_Ghala

Nyongeza kwa Fundi: namba iandikwe kabla ya nta. Paraloid haishiki juu ya nta, itabanduka yote ndani ya siku chache. Na kushika chuma kuwe kwa glavu za naitrili, zile za mpira wa kutengenezwa. Za pamba zinapitisha jasho na kuteleza kwenye vitu vizito. Vikapu na mbao, kinyume chake, mikono mikavu iliyonawiwa inatosha na inasikia vizuri kama kitu kinakatika.

---

Chumba_cha_Kale

Shukrani sana, mmenifungua macho. Nina manne yaliyobaki. Kandili zinanuka mafuta na moja ina mafuta ndani bado. Vyungu viwili vinatoa unga mweupe kila tukipangusa. Wageni, hasa watoto wa shule, wanataka kushika vitu, na nadhani wana haki. Na hao wa kung'arisha bado wanasema pasi ya kutu haivutii mtu, niwajibu nini?

---

Mpanga_Maonyesho

Kandili: mafuta yatoke yote, nje, mbali na moto, na tangi likae wazi kivulini penye upepo mpaka harufu iishe. Msilioshe kwa maji, mshono wa chini wa tangi ni wa bati na kutu huanzia hapo. Utambi msiutupe hata ukiwa umeungua nusu, upana wake na ulivyokatwa vinaeleza taa ilivyotumika. Masizi ya ndani ya chemni pia yabaki, pangusieni nje tu.

Kabla ya kuandika "kandili" na kuishia hapo, tazameni mirija ya pembeni. Kwenye aina moja mirija inapanda na kuungana moja kwa moja juu ya chemni, kwa hiyo hewa inayorudi chini kwenye moto imechanganyika na ile iliyokwisha kuungua. Kwenye nyingine kuna chumba cha hewa kuzunguka bomba la moshi, na mirija inashusha hewa safi kutoka nje. Hii ya pili inawaka kwa mwanga mkali zaidi. Mkiuelezea mfumo huo kwa mchoro mdogo pembeni, mgeni ataelewa kwa nini kandili haizimiki kwenye upepo: hewa inaufikia moto kupitia mirija peke yake.

Unga mweupe wa chungu ni chumvi iliyoingia kwa maji na chakula. Hewa ikiwa na unyevu inayeyuka, ikikauka inaganda upya karibu na uso na kuusukuma nje, na kila mzunguko unabandua ngozi ya chungu. Ndiyo maana kupangusa hakuishi. Kinachosaidia ni kuzuia mzunguko: chungu kiondoke karibu na dirisha, feni na ukuta wenye unyevu, kiingie kabati lenye hewa tulivu. Kuloweka kwenye maji yaliyokenekwa kunatoa chumvi, lakini ni kwa chungu kilichochomwa vizuri tu, kisicho na rangi wala ufa. Ambacho hakikuiva kitayeyuka ndani ya beseni. Ukoko ulioungulia ndani msiuguse hata kidogo. Mafuta ya chakula hujificha ndani ya udongo kwa karne nyingi na maabara huweza kuyatambua. Chungu kilichooshwa kwa sabuni huweza kupoteza sehemu ya habari hiyo.

Kukikalisha, shoneni mduara wa kitambaa cheupe cha pamba uliojazwa pamba, upana wa nusu ya tumbo la chungu. Kisikalie mdomo wala kushikwa kwa mdomo.

Kuhusu kushika, mko sahihi, na suluhisho ni kuwa na mikusanyo miwili. Pasi tatu zinazofanana, moja ikiwa na historia kamili na mbili hazijulikani zilitoka kwa nani: ile ya kwanza ikae kabatini, mojawapo ya hizo mbili iwe ya mikononi. Ipeni namba za mfululizo tofauti, zianze na herufi M, na mwandike daftarini kwamba itachakaa na kamati imekubali. Funga kifuniko chake kwa waya, ondoa ncha kali, halafu mtoto ainyanyue. Uzito ule akiusikia kwenye kiganja chake anaelewa siku ya kunyoosha nguo kuliko maandishi ya ukuta mzima.

Hao wa kung'arisha waelezeni kwamba kinachovutia ni mpangilio na mwanga. Artur Hazelius alianza kukusanya vitu vya watu wa kawaida huko Uswidi na kufungua makumbusho yake Stockholm mwaka 1873. Alipofungua Skansen, makumbusho ya wazi, mwaka 1891 aliviweka ndani ya nyumba, kila kitu karibu na kingine kilichofanya nacho kazi. Pasi peke yake kwenye rafu ni chuma. Iweke pamoja na koleo la mkaa, kitambaa cha kunyooshea chenye alama ya kuungua na nguo iliyokunjwa nusu, na hakuna atakayeuliza kuhusu kutu.

Mwanga wenyewe upimwe. Nguo, mikeka na vikapu vyenye rangi visizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), mbao na ngozi isiyotiwa rangi luksi 200, chuma, udongo na kioo havina shida isipokuwa joto la taa. Madhara yanajumlika: saa kumi kwa luksi 50 ni sawa na saa moja kwa luksi 500, na jua la dirishani ni maelfu. Simu inapima vibaya lakini inatosha kuonyesha kona ipi imezidi. Jaribio rahisi: kateni kipande cha kitambaa chekundu cha bei ndogo, nusu ifunikwe kwa karatasi ya alumini, kiwekwe kando ya kikapu miezi mitatu. Mkikifunua mkaona mpaka kati ya nusu mbili, kikapu nacho kinapauka.

Vikapu viangaliwe pia kwa uzito wavyo vyenyewe. Kikapu kikubwa kikining'inizwa kwa masikio, nyuzi za ukindu zilizokauka hukatika moja moja mpaka sikio ling'oke. Kikae kwa kitako, ndani kijazwe karatasi isiyo na asidi iliyofinyangwa kulegea, ishike umbo bila kusukuma.

---

Mwaka_Gani

Mna mjadala mzuri ila naona hakuna aliyegusia umri, na makumbusho madogo ndipo yanapokosea: "kina miaka mia" kwa sababu mtoaji alisema hivyo. Kuna alama zinazoweka mpaka wa chini. Sufuria ya alumini ya bei ya kawaida haiwezi kutangulia mwaka 1886, ulipopatikana ule mfumo wa umeme uliofanya alumini iwe rahisi. Stovu ya pampu ya aina ya Primus ilianza Uswidi mwaka 1892 kwa Frans Wilhelm Lindqvist. Kitasa au mpini wa bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani, ni wa baada ya 1907. Kisu cha chuma kisichoshika kutu ni baada ya 1913. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ni ya miaka ya 1930 kuja huku.

Maandishi ya nchi nayo yanasaidia. Uingereza ilipitisha sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887, na Marekani ikaanza kudai jina la nchi kwenye bidhaa za kuingizwa mwaka 1891, hivyo chombo chenye jina la nchi ya kiwanda kwa Kiingereza kwa kawaida ni cha baada ya hapo. Kukosa jina hakuthibitishi kitu, huenda lilikuwa kwenye karatasi iliyobanduka. Cherehani ya Singer ina nambari kwenye kitako chake cha chuma, na kwa kuwa kampuni iliweka orodha, mwaka wake hupatikana. Inakilini nambari yote pamoja na herufi za mwanzo.

Kumbukeni pia kwamba sehemu hubadilishwa. Skrubu ya 1950 kwenye pasi haifanyi pasi yote kuwa ya 1950. Inaonyesha iliendelea kukarabatiwa na kutumika, na hilo liandikwe kama lilivyo. Kinu kilichotobolewa kikazibwa kwa bati ni bora kuliko kizima. Kiraka msikiondoe.

Mwisho ni usalama, na hapa msiahirishe. Vifuniko na vizibo vya saa na taa vya seluloidi (plastiki ya zamani), vile vyenye harufu ya kafuri, vikianza kupata nyufa na kunata vinatoa asidi inayokula chuma cha jirani, tena vinashika moto upesi. Viondoeni kati ya vingine, vikae penye baridi na hewa. Vitambaa vya kijivu vya kuwekea pasi ya moto na nyaya za pasi za kwanza za umeme zinaweza kuwa na asbesto: msivipanguse wala kuvifyonza vumbi, fungeni kwenye mifuko miwili na kubandika onyo.

Saa za mezani zenye namba zilizokuwa ziking'aa gizani, hasa za miaka ya 1910 hadi 1960, huenda zimepakwa radiamu, madini yenye mionzi. Kwamba hazing'ai tena si dalili ya usalama. Kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe hupungua nusu kila miaka 1,600 hivi. Kioo cha mbele kisifunguliwe, rangi isikwanguliwe, saa iingie mfuko wenye zipu na namba yake nje. Msizipange nyingi kwenye kabati moja lililofungwa, maana gesi ya radoni hujikusanya humo. Kabla ya kuionyesha, ombeni idara ya serikali inayoshughulika na mionzi ije na kipimo, na jibu lao liandikwe daftarini kwenye mstari uleule wa saa hiyo.